Popi na mguu wangu

Jumanne.

Mke wangu alikufa mwaka jana, ugonjwa ya tumbo. Kabla hata aanze kulia maumivu, mbwa yetu Popi alikuwa analala kwa hiyo tumbo tu. Tulidhani anatafuta joto.

Sasa wiki hii Popi ananusa mguu wangu wa kushoto, hata nikivaa gambuti, zile buti za mpira za kazi. Nikaogopa. Jirani, Mama Furaha, akacheka: "Papa, uoge kwanza."

Nikaoga. Popi akarudi pale pale.

Leo nimeenda kliniki ya Kalerwe. Kumbe msumari ya saiti, kule tunajenga, ilinichoma chini ya kidole na sikusikia kitu. Ni ugonjwa ya sukari, inatia mguu ganzi. Nesi anasema nimewahi, mguu haukatwi. Popi nimemnunulia maini.

Nesi anataka nipumzike. Kesho narudi kazi.