Jina Lako kwa Herufi Nzito

Yaya Kazadi, kaka yangu mkubwa,

Simu yako iko kwangu. Mama alinipa siku tuliyotoka kukuzika, akasema, "Shika, ni wewe alikuwa anakufundisha." Ile programu yako ya kukusanya habari za tovuti bado inafanya kazi. Naifungua kila asubuhi kabla ya shule. Tovuti ulizozipenda zinaendelea kuandika: ile ya mpira, ile ya bei ya shaba, ile ya mwalimu wa hesabu wa Lubumbashi. Hazijui kwamba shimo la machimboni lilikuangukia. Zinakuletea mambo mapya kama zamani. Mimi nasoma kwa niaba yako, kisha nakaa nimeshika simu, sina wa kumwambia.

Unakumbuka nilivyokuwa nafungua tovuti moja moja kutazama kama kuna jipya? Ulicheka. "Wee mutoto, unazunguka ku milango ya batu, unamaliza mega zangu za mtandao. Weka majina yabo hapa, ukae. Ule iko na neno atakuya." Nikauliza kama tufute zile zilizokaa muda mrefu bila kuandika. Ulikataa. "Acha. Kunyamaza haiko kufa."

Ndani mle uliweka hata tovuti yako mwenyewe, ile ya habari za mtaa wetu: nani kazaa, bomba lipi limekauka. Programu ikipata jipya huandika jina la tovuti kwa herufi nzito. Lako lilibaki jembamba tangu ulipotuacha. Sikulifuta.

Sasa mtaa wenyewe unaondoka, Yaya. Watu wa kampuni ya migodi wamekuta madini chini ya nyumba. Walipita na rangi nyekundu wakachora msalaba kwenye kila ukuta, hata wa chumba chako. Nyumba za upande wa kanisa zimeshavunjwa. Sisi tutahama Kolwezi shule zikifungwa, twende Mutshatsha kwa shangazi. Mama Kapinga aliyekuwa akitukaangia mikate amekwenda kwa binti yake Likasi. Alipokuwa msichana familia yake ilifukuzwa kwa sababu ni Wakasai, watu wa mkoa mwingine, wakalala kituoni wakingoja treni. Safari hii alifunga masufuria yake akasema tu, "Mi nafukuzwa mara ya pili. Nimeshazoea kufunga." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kinachomuumiza mama ni matanga yako. Hatujayamaliza. Wale waliolala nasi chini kwenye mikeka wanapaswa kurudi, tule pamoja, ndipo tuyaondoe. Tutawaitia wapi, kila mtu akiwa amekwenda kwake? Mama aliniuliza hivyo.

Halafu nikakumbuka milango ya watu. Kabla Mama Kapinga hajapanda gari niliomba simu yake, nikaweka programu ile ile, na ndani yake jina moja tu, lako. Nikafanya hivyo kwa kila jirani mwenye simu inayoweza. Tata Mwamba, yule mzee fundi wa nguo, alinitania: "Kazadi atatuandikia toka kule?" Nikamjibu, "Hapana, Tata. Ni mi nitaandika."

Jana niliandika. Maneno machache kwenye tovuti yako: nani amehamia wapi, na kwamba tutamaliza matanga Mutshatsha, likizo kubwa ikianza. Nilirudia kusoma nisikosee, nikalala. Asubuhi nimefungua simu kama kawaida, na jina lako lilikuwa kwa herufi nzito.

Kwa kitambo kidogo nilifikiri ni wewe.

Nililia, Yaya. Nilipofungua kulikuwa na maandishi yangu mwenyewe, hakuna kingine. Lakini chini yake Mama Kapinga alikuwa ameandika: "Nimeona, mutoto. Nitakuya na mikate."

Pumzika sasa. Huko tunakokwenda wanasema mtandao ni dhaifu, lakini nitapanda hata kilimani kuutafuta. Nitaandika habari za watu wetu popote walipo. Na nikikaa kimya siku nyingi, usidhani kwamba nimekusahau. Wewe mwenyewe ulinifundisha.

Mdogo wako,
Odile