Vitabu vya Mizimu vya Valère

Nsambya, Kampala

Yaya Blandine, dada yangu,

Tunawasalimu nyote huko Butembo. Huku mvua ni nyingi, na biashara yangu ya vitenge inakwenda polepole.

Shemeji yako Valère siku hizi anakusanya vitabu vya zamani vya katuni za kutisha, vya mizimu na wafu wanaotembea. Anavitafuta kwa wauza vitabu vikuukuu, anavifunga kwa nailoni na kuvipanga chini ya kitanda. Mchungaji alipoviona alisema vinaita mashetani. Basi juzi asubuhi nikavitoa uani nivichome.

Valère akanishika mkono. "Mama Pitshou, usichome. Humu wafu wanarudi nyumbani."

Yaya, tangu mwanetu Pitshou auawe na sisi tukakimbia bila kumzika, Valère alikuwa hajawahi kulitamka jina lake mpaka asubuhi hiyo. Kiberiti kiliniponyoka. Tukaketi pale pale uani, akanisomea kitabu kizima. Mzimu wa kitabuni ulipobisha hodi, sote wawili tuligeuka tukautazama mlango wetu.

Hakuna aliyeingia. Tulikaa tukisubiri mpaka mvua ikatunyeshea.

Mtuombee.

Mdogo wako,
Mbambu