Aliyeongoza Nyimbo za Mchakamchaka

Mjukuu wangu Tumaini,

Shikamoo yako nimeisoma, marahaba. Huku Songea baridi imeanza, na babu yako yuko Namtumbo anavuna mahindi.

Unaniuliza ufanyeje, maana kwenye mazoezi ya shule unabaki wa mwisho kila siku. Hilo umelirithi kwangu. Mitumba ilipoanza kuruhusiwa, wenzangu walivaa raba, wakawa wananiacha kwenye ukungu wakati wa mchakamchaka. Asubuhi moja mwalimu wetu, mgeni kutoka Tabora, akanisubiri getini. Nilijua ni viboko. Akasema, "Kuanzia kesho nyimbo utaongoza wewe."

Anayeongoza nyimbo hukimbia mbele, na shule nzima hufuata hatua zake. Nilipoishiwa pumzi, wimbo ulienda polepole, na wenye raba nao wakapunguza mwendo. Hakuna aliyenicheka, kwa sababu wote walikuwa wanaitikia. Kufikia likizo nilikuwa naimba hadi getini bila kuhema. Mpaka leo nikipanda kilima kwenda sokoni naimba kimoyomoyo, na ukungu ule unanirudia.

Basi usimwambie mwalimu wako kwamba una miguu mizito. Mwambie unajua kuimba.

Bibi yako wa Mjimwema