Ubeti wa Tisa, Kuhusu Baba

Tunduma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua cha bibi kinaendeleaje? Na kahawa, mmepata watu wa kuchuma? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla ya mahafali.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha tenzi. Tunahesabu mizani kwa kugonga dawati, nane kila mshororo, mpaka darasa la jirani wanalalamika. Alitwambia kila mtu atunge utenzi wa shujaa wa kwao. Nikamtunga baba. Ubeti wa tisa ulikuwa hivi:

Baba akaja mbioni
Akaingia motoni
Dereva yu mikononi
Watu wote wakalia

Mwalimu aliusoma mara mbili. "Wewe binti, ulikuwa umejificha wapi?" Wenzangu wakapiga kelele, "Malenga huyo!" Akasema nitausoma mbele ya wazazi siku ya mahafali. Mama, unajua ninavyoogopa watu, lakini siku ile nilifurahi.

Jioni tukiwa bombani, Atupele wa darasa letu akaniambia taratibu, "Dereva alivutwa na baba yangu. Mpaka leo mikono yake haishiki jembe. Baba yako alikuwa na dumu."

Nilijitwika ndoo nikaondoka. Siku ya ajali nilikuwa na miaka tisa, lakini niliona dumu lile lilivyoyeyuka. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kukinga petroli, baba akiwa mmoja wao, ndipo moto ukalipuka. Yale ya kumwokoa dereva niliyasikia kwenye wasifu wa marehemu, siku ya mazishi. Wewe ndiye uliyempa mzee wa kanisa maneno ya kuandika. Watu wote waliinamisha vichwa. Sasa naelewa kwamba walikuwa wanajua. Baba yake Atupele alikuwa bado hospitali.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia ubeti wa tisa si wa kweli.

"Binti, wageni hawaji kusikiliza habari za mtu aliyekufa akikinga petroli. Utenzi unataka shujaa."

"Shujaa yupo, mwalimu. Ila si baba."

Akanirudishia karatasi. "Andika upya. Lakini mama yako atakuwa amekaa pale mbele. Umemwuliza?"

Ndiyo nakuuliza, mama. Simu haturuhusiwi, kwa hiyo barua hii anakuja nayo mjomba, naye atarudi huku Alhamisi na jibu lako. Sikulaumu kwa ule wasifu. Ulikuwa na watoto wanne na aibu ya kubeba peke yako. Ukisema nisisome, nitamwambia mwalimu ninaumwa. Lakini ule wa zamani siwezi kuusoma tena, Atupele akiwa ananitazama.

Mpya nimeumaliza. Anayeingia motoni kumvuta dereva ni baba yake Atupele. Mwalimu alishauri nimtoe baba kabisa, kwamba utenzi utapendeza zaidi. Nilikataa. Nimemwacha humo, na dumu lake, na jina lake lote.

Nisalimie wadogo zangu, na shangazi wa Isansa akija. Bibi mwambie tu kwamba nasoma kwa bidii.

Mwanao akupendaye,
Tumaini