Manjano ya Chumba cha Mbeti

Mbeti,

Chai iko kwa thamosi. Fundi Musembi akikuja, mwambie asipake chochote mpaka nirudi kutoka Nyeri na rangi ingine.

Asubuhi uliposema, "Hii si ile manjano mama alichagua," nilikujibu ati manjano ni manjano, na marehemu hataiona. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Ulipotoka ukilia nilisukuma kabati, nikaona ukuta pale jua halifiki. Ulisema kweli. Ya mama yako imeiva zaidi, kama kiini cha yai la kienyeji. Nimebandua kipande, nakipeleka dukani watafute inayofanana.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie baba yako, hata vile nilivyokujibu.

Pole sana, mtoto wangu.

~~Mama~~
Anti Khavere