Neno Nililokataa Kulirudia

Kwako Baba, uliyebaki Mombasa,

Barua hii nimeianza mara tatu, na bado sijui kama naiandika kwa hasira au kwa hamu ya kukuona.

Unakumbuka likizo zako za Desemba hapa Kangundo? Majirani hawakuamini kwamba mtu wa kwetu, ambako mto unavukwa viatu mkononi, ndiye rubani wa kuingiza meli kubwa bandarini. Kazi hiyo ulinionyesha kwa wilbaro yetu ya gurudumu moja. Mimi nasukuma kahawa tuliyochuma, wewe uko nyuma, mikono mgongoni, hugusi kitu. "Kulia kidogo!" Nami lazima nijibu, "Kulia kidogo, Baba!" ndipo nikate kona. Ulisema hata melini ni hivyo: unapanda ngazi ya kamba, unasimama kando ya nahodha, unatamka, na mshika usukani analirudia neno lako kwanza. Siku niliyonyamaza kwa ukaidi, kahawa yote ilimwagika mtaroni. Hukunichapa. Uliniuliza tu, "Mwende, usiporudia, mimi nitajuaje kama umesikia?"

Swali hilo ndilo linaloninyima raha. Mwaka 2001 ulinikuta jikoni nikiosha sufuria. Ukasema, "Mwaka ujao nastaafu. Nitarudi nyumbani." Ukasimama pale mlangoni ukingoja. Nilikusikia vizuri, Baba. Lakini nilikuwa nimemuuguza Mama mwezi mzima hospitalini na wewe hukufika, eti meli zimejaa. Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Ukavaa viatu, ukaenda kupanda basi.

Ulistaafu, na hukuja. Miaka miwili sasa umepanga chumba huko Likoni, unatuma salamu fupi fupi. Je, ni kwa sababu yangu? Au ulizoea maisha ya huko, nami najipa ukubwa nisio nao? Siku nyingine nasema heri ubaki hukohuko. Kesho yake nasikia hodi, nakimbilia mlangoni. Hata mimi sijielewi.

Mama sijamwambia habari ya siku ile jikoni. Watu wakimuuliza, anajibu, "Huyo atakuja. Ako na kazi kidogo huko." Juzi alitoa godoro lako akalianika juani, akalikung'uta vumbi kwa fimbo, akalirudisha ndani. Niliona aibu, nikaenda shambani nikajifanya napalilia.

Sijui kama nimekusamehe. Sijui tutaongea nini ukifika, wala utakaa kiti gani, maana chako nimekizoea. Simu nimeishika mara nyingi nikaikata kabla haijalia. Kwa hiyo naandika, kwa kuchelewa, lile neno ulilosimama mlangoni ukilingoja.

Utarudi nyumbani, Baba. Nimesikia.

Binti yako Mwende,
yule wa wilbaro.