Tarehe Uliyoibandika kwenye Mwongozo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili.

Mpendwa mjukuu wangu mwenye meza ofisini,

Hujambo? Unakula, unalala? Mimi magoti yamegoma, ila ulimi mzima, utauona hapa chini. Darasa la tatu nililoishia linatosha kukusema.

Dada yako Kidosho, mtoto wa shangazi yako, ameungua mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko. Huku kiwandani kwenu karatasi ya mwongozo iliyobandikwa ukutani ndiyo bosi, asiyeifuata anafukuzwa. Ya pipa la kuchemshia sabuni uliiandika wewe huko makao makuu: fungua koki ya juu kwanza. Pipa likabadilishwa, karatasi ikabaki ileile. Kafungua ya juu, mvuke ukamrukia.

Na alikupigia simu mapema akakuonya kuwa pipa si lile! Nilikuwa kando yake, nikakusikia kwa masikio yangu: "Dada, wewe shika koki, maandishi niachie mimi." Haya, umeachiwa. Umefanya nini?

Mama yako ameniambia ulichomlilia. Eti baada ya ajali ulituma karatasi mpya, ya koki ya chini kwanza, ukaibandika tarehe ya mwezi uliopita. Sasa wakubwa wanasema Kidosho alikaidi mwongozo. Alhamisi wanakaa kumfukuza.

Mwoga mkubwa wewe. Nilikuwa natamba mtaani: mjukuu wangu akiandika, kiwanda kizima kinatii. Kumbe kinatii upuuzi wa mtu asiyeinua makalio kwenda kutazama pipa.

Mama yako anataka nikuhurumie, una mtoto mchanga. Kidosho anao wawili. Awaogeshe kwa mkono upi?

Panda basi Jumatano. Alhamisi simama mbele yao useme tarehe ni ya uongo, na ni yako. Wakikutimua, godoro lipo. Utafua nepi za mwanao hukuhuku. Usipokuja, usinipigie wala usinizike.

Shangazi yako anakusalimu kwa shingo upande. Mama yako analia tu. Kidosho anakusalimu sana. Habari ya tarehe hajaambiwa. Kila anayekuja kumpa pole anamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yake wa makao makuu atamtetea Alhamisi.

Mungu akupe haya kwanza, heri baadaye.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye kwa shida.